Diwani Aliyelipa kwa Hundi

Mji wa Cincinnati umekaa juu ya vilima, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Ohio. Ng'ambo ya mto ni jimbo jingine, Kentucky, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mto huo ulitenganisha pia tabia mbili. Upande wa Ohio waliishi watu wengi wenye asili ya Kijerumani, washika dini, katika mji wa viwanda vya sabuni uliojivunia adabu yake. Upande wa Kentucky, huko Newport na vitongoji vya jirani, kulikuwa na kamari, vilabu vya usiku na madanguro, na wateja wengi walikuwa wamevuka daraja wakitokea upande wa wenye adabu. Mwanasheria mmoja wa Cincinnati, Charles Keating, alianzisha katika miaka ya 1950 jumuiya ya kupiga vita machapisho ya ngono, nayo ikaenea Marekani nzima. Mwaka 1977 mahakama ya hapo ilimtia hatiani Larry Flynt, mchapishaji wa jarida la Hustler, hukumu iliyotenguliwa baadaye. Mwaka 1990 alipandishwa kizimbani hata mkurugenzi wa jumba la sanaa kwa sababu ya picha zilizotundikwa ukutani, ingawa aliachiwa. Keating mwenyewe aliishia gerezani kwa makosa ya fedha, lakini hiyo ni habari nyingine.

Katika mji huu, mwaka 1971, kijana Myahudi wa miaka 27, mzaliwa wa London na mpinzani wa vita vya Vietnam, alichaguliwa kuwa diwani. Jina lake Jerry Springer. Dunia ilikuja kumjua kwa jambo jingine kabisa: kipindi cha televisheni ambamo mume, mke na hawara walirushiana viti huku hadhira ikiliimba jina la mwenye kipindi. Wengi waliokitazama hawakujua kwamba yule mzee mpole mwenye suti na miwani, aliyesimama kando ameshika kipaza sauti, aliwahi kuwa meya. Waliojua waliyasimulia maisha yake kama anguko, mtu aliyetoka kwenye heshima ya siasa akatumbukia kwenye uchafu wa televisheni. Mimi naona hakuwahi kuhama. Biashara iliyomtajirisha miaka ya 1990 alikuwa amekwisha kuifanya yeye mwenyewe, kwa uso wake na jina lake, akiwa bado anaomba kura.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1944 ndani ya kituo cha treni za chini ya ardhi cha Highgate, kaskazini mwa London, ambako watu walijificha usiku ndege za Wajerumani zilipokuja kupiga mabomu. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Landsberg an der Warthe, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo na ambao leo uko Poland kwa jina la Gorzów Wielkopolski. Baba alikuwa na duka la viatu, mama karani wa benki. Walifanikiwa kutoka mwaka 1939, vita vikiwa mlangoni. Mama zao wote wawili walibaki nyuma.

Januari 1949 familia ilipanda meli ya Queen Mary kwenda New York, ikapanga Kew Gardens katika wilaya ya Queens. Springer alipokuwa mtu mzima alipenda kusimulia asubuhi ile meli ilipopita mbele ya Sanamu ya Uhuru, jinsi watu wazima waliojazana juu ya sitaha walivyonyamaza ghafla na yeye, mtoto wa miaka mitano kasoro, asielewe kwa nini. Alikuwa na miaka 12 alipomwona John F. Kennedy kwenye televisheni, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic wa 1956, na hapo siasa ikamwingia. Alisoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, akamaliza 1965. Sheria aliichukua Northwestern, Chicago, akamaliza 1968, mwaka uleule alioingia katika kampeni ya urais ya Robert Kennedy. Kennedy alipigwa risasi Juni mwaka huo. Springer akaenda Cincinnati kuajiriwa katika kampuni ya mawakili.

Hakukaa sana na mafaili. Alijiunga na harakati za kushusha umri wa kupiga kura, akafika hadi mbele ya kamati ya Seneti mjini Washington kutoa hoja kwamba kijana anayepelekwa vitani hawezi kunyimwa kura. Mwaka 1970 aligombea ubunge katika jimbo la uchaguzi lililokuwa ngome ya Republican. Alishindwa, lakini alipata takriban kura 45 katika kila 100, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka uliofuata akaingia baraza la jiji. Madiwani wa Cincinnati walikuwa tisa, na mji wote ulikuwa jimbo moja: kila mgombea aliomba kura kila mtaa, kwa matajiri wa vilimani na kwa maskini wa bondeni. Mtu wa namna hiyo hana budi kujua kuzungumza na kila aina ya watu, na Springer alijua. Alikuwa mchekeshaji, mwepesi wa jibu, na alisikiliza kama mtu mwenye muda.

Kisha ikaja Aprili 1974. Wapelelezi walikuwa wakichunguza kituo kimoja cha masaji huko Fort Wright, upande wa Kentucky, ambacho kwa kweli kilikuwa danguro. Katika karatasi za kituo hicho ilikutwa hundi yenye sahihi ya diwani wa Cincinnati. Springer, aliyekuwa ameoa mwaka uliotangulia, hakusubiri magazeti. Alijiuzulu udiwani, akasimama mbele ya waandishi wa habari na kukiri.

Mji ulikasirika, halafu ukacheka. Wanaume wangapi walikuwa wamevuka daraja lile na noti mfukoni, wakarudi nyumbani bila hata alama? Huyu mwanasheria msomi alikuwa ameacha kipande cha karatasi chenye jina lake, benki yake na tarehe. Katika mji uliojaa wanafiki wa daraja, kosa la hundi lilimfanya aonekane kama mtu asiyejua unafiki. Sidhani kama alipanga hivyo. Lakini mwaka 1975 aligombea tena udiwani, na wapiga kura walewale waliomcheka wakampa ushindi mkubwa.

Wakati huo alikuwa pia ameingia redioni. WEBN, kituo cha muziki wa roki kilichopendwa na vijana wa mji, kilimpa nafasi ya kutoa maoni yake kuhusu mambo ya siku katika vipande vifupi vilivyorushwa katikati ya magitaa na matangazo ya mzaha. Huko alijifunza kitu ambacho mikutano ya hadhara haikumfundisha: namna ya kusema na mtu mmoja aliye peke yake ndani ya gari, bila kupaza sauti.

Mwaka 1977 madiwani wenzake walimchagua kuwa meya. Cheo hicho Cincinnati kilikuwa cha heshima kuliko cha mamlaka. Mji uliendeshwa na meneja aliyeajiriwa, na kiti cha meya kilizungushwa miongoni mwa vyama vilivyoungana barazani. Springer alikikalia mwaka mmoja, akiwa na miaka 33. Meya wa namna hiyo hukata utepe, hupokea wageni na kuhutubia, na hizo ndizo kazi alizozimudu kuliko zote.

Mwaka 1982 alitaka zaidi. Aliingia kura za mchujo za Democratic kutafuta ugavana wa Ohio. Washindani wake walikuwa Richard Celeste, aliyewahi kuwa makamu wa gavana, na William Brown, mwanasheria mkuu wa jimbo. Springer alijua kwamba nje ya Cincinnati hakujulikana, na kwamba jambo la kwanza watu wangeambiwa juu yake lingekuwa hundi. Akafanya jambo ambalo washauri wengi wa kampeni wangemkataza. Alirekodi tangazo la televisheni, akatazama kamera, na kusema mwenyewe kwamba miaka tisa nyuma alikuwa na mwanamke ambaye hakupaswa kuwa naye, kwamba alimlipa kwa hundi, na kwamba angependa watu wasijue kamwe. Kisha akaigeuza aibu kuwa hoja: gavana ajaye atalazimika kuwaambia wananchi ukweli mchungu, na tangazo lile liwe ushahidi kwamba yeye hauogopi hata unapomuumiza mwenyewe.

Litazame tangazo hilo bila kujali uchaguzi. Mtu ameketi mbele ya kamera. Anataja kosa la chumbani ambalo hakulazimishwa kulitaja siku hiyo. Anaomba watu asiowajua wamhukumu, na malipo anayoyataka ni usikivu wao. Miaka kumi na kitu baadaye maelfu ya Wamarekani wangeletwa Chicago kwa ndege kufanya jambo hilohilo kwenye kipindi chake. Mgeni wa kwanza wa Jerry Springer alikuwa Jerry Springer.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Springer hakuficha, na mwezi ule wa Juni hakuzaa: alitoka wa tatu. Celeste alishinda mchujo, na baadaye akashinda ugavana. Alichobaki nacho Springer ni madeni ya kampeni na jina lililokwisha kuzoeleka kwenye skrini.

Kituo cha WLWT, Channel 5, ndicho kilichomwokota. Taarifa yake ya habari ilikuwa ya mwisho mjini kwa idadi ya watazamaji, na kituo kilicho mkiani hujaribu mambo ambayo wengine hawayathubutu. Springer aliajiriwa kuwa mwandishi wa siasa na mtoa maoni, kisha akapandishwa kuwa msomaji mkuu wa habari. Ndani ya miaka michache, akisoma pamoja na mtangazaji mwenzake Norma Rashid, aliivusha taarifa hiyo hadi nafasi ya kwanza. Alipata tuzo kumi za Emmy za eneo lile, nyingi zikiwa za maoni yake ya mwisho wa taarifa. Hapo ndipo alipoanza kuwaaga watazamaji kwa maneno aliyoyatumia mpaka uzeeni, ya kuwataka wajitunze na watunzane.

Cincinnati ilikuwa na mtangazaji mwingine mashuhuri miaka hiyo, Nick Clooney wa WKRC, baba wa mwigizaji George Clooney. Yeye alivuka kwa upande wa pili: mwaka 2004, baada ya maisha marefu ya utangazaji, aligombea ubunge huko Kentucky, akashindwa. Inaelekea kutoka siasa kwenda studio ni mteremko, na kurudi ni mlima. Springer angelijua hilo kabla yake.

Kampuni iliyomiliki WLWT, Multimedia, ilikuwa na utajiri wake katika vipindi vya mazungumzo. Phil Donahue, ambaye aliianzisha aina hiyo ya kipindi mwaka 1967 huko Dayton, mwendo wa saa moja tu kutoka Cincinnati, alikuwa wao. Sally Jessy Raphael alikuwa wao pia. Donahue akizeeka, wakuu wa kampuni walitafuta mrithi, wakamwona mtu waliyenaye nyumbani: msomi, mcheshi, mwenye nywele na sauti za kufanana na za Donahue. Kipindi cha Jerry Springer kilianza tarehe 30 Septemba 1991. Mwaka uliofuata kilihamia Chicago, naye kwa muda akawa anasafiri kati ya miji miwili, mchana mwenye kipindi na jioni msomaji wa habari, hadi alipoacha taarifa ya habari mwanzoni mwa 1993.

Kipindi cha awali kingewashangaza waliomjua baadaye. Alimkaribisha Jesse Jackson. Alimkaribisha Oliver North. Alizungumzia watu wasio na makazi na sheria za bunduki. Kilikuwa kipindi cha heshima na hakikutazamwa vya kutosha; kufikia 1994 kampuni ilikuwa inafikiria kukifuta.

Aliyekiokoa ni mtayarishaji Richard Dominick, aliyetoka kwenye magazeti ya udaku ambako hubuniwa habari za watoto wenye vichwa vya popo. Kanuni yake ilikuwa rahisi: mtu anayepitapita kwenye chaneli, hata sauti ikiwa imezimwa, asimamishwe na anachokiona. Picha zenyewe zibishane. Mada za sera zikatoka. Yakaingia mapenzi ya pembetatu, ndugu walioibiana wachumba, siri za uzazi, wafuasi wa Ku Klux Klan walioketishwa mkabala na mahasimu wao wa Kiyahudi. Wageni walipigia simu namba iliyotangazwa mwishoni mwa kipindi, wakachujwa na watayarishaji, wakalipiwa ndege na hoteli. Mmoja alijua siri, mwingine aliambiwa tu kwamba kuna jambo la kumshangaza. Wakapangwa vyumba tofauti nyuma ya jukwaa ili wasionane kabla ya wakati. Ngumi zilipoanza, walinzi wakiongozwa na Steve Wilkos, polisi wa Chicago, waliwatenganisha, si mapema sana. Mwishoni Springer alikaa kwenye kiti kirefu na kutoa mawaidha ya dakika chache, kama alivyofanya WEBN na WLWT, na kuaga kwa maneno yale yale.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anayejua mipasho ya taarabu ana kipimo cha kulinganishia. Katika mipasho mhusika hatajwi. Kijembe hutupwa hewani, aliyekusudiwa anajijua, na wengine hutafuta kwa macho nani ananyanyuka kutuza na nani ananuna. Aibu ina pazia, na pazia ndilo utamu wake. Jukwaani kwa Springer pazia liling'olewa. Jina lilitajwa, mtuhumiwa akaingia kwa mlango wa upande, na siri iliyokaa miaka mitano ikaisha kwa dakika moja.

Mwanzoni mwa 1998 kipindi hicho kilifanya jambo lililodhaniwa haliwezekani: kilimpita Oprah Winfrey kwa idadi ya watazamaji. Wanafunzi wa vyuo walikitazama kwa makundi mabwenini. Kanda za vipande vilivyokatwa kwa kuwa havifai kurushwa ziliuzwa kwa wingi. Mwaka huohuo baadhi ya waliokuwa wageni walidai kwamba magomvi yalipangwa, mapadri na wachungaji wa Chicago wakapiga kelele, na wamiliki wakaahidi kupunguza ngumi. Zilipungua, zikarudi.

Mwaka mmoja kabla ya kilele hicho kulitokea kisa kinachostahili kusimuliwa polepole. Kituo cha WMAQ cha Chicago, kilichokuwa jengo moja na studio za Springer, kilimwajiri Mei 1997 atoe maoni katika taarifa ya habari ya usiku. Kwa upande wake ilikuwa kazi aliyoifanya miaka kumi na kushinda nayo tuzo. Kwa wanahabari wa kituo ilikuwa tusi. Carol Marin, mtangazaji mkuu aliyeheshimiwa mji mzima, alijiuzulu na kuaga hewani, na wenzake wakasimama studio wakimpigia makofi. Mwenzake wa kiti, Ron Magers, naye aliondoka muda mfupi baadaye. Springer alitoa maoni mara mbili tu, akaacha. Watazamaji waliokuwa wakimfuata kwa mamilioni saa za mchana walikataa kumwamini dakika mbili za usiku. Nadhani hapo ndipo alipopaswa kuelewa kwamba mlango wa nyuma umefungwa.

Juni 1999 aliitwa mbele ya kamati ya baraza la jiji la Chicago. Swali la madiwani, wakiongozwa na Edward Burke, lilikuwa na mantiki ya kisheria: kama magomvi ni ya kweli, basi ni shambulio, na polisi wanapaswa kukamata watu, kama ni maigizo, basi kipindi kinadanganya. Springer aliketi kwenye kiti cha shahidi akiwakabili watu wenye cheo alichokuwa nacho akiwa na miaka 27. Aliwajibu kwa upole na utani na hakukubali kuwapa jibu lililonyooka. Burke, kwa anayependa kufuatilia mwisho wa watu, alitiwa hatiani kwa rushwa Desemba 2023 baada ya zaidi ya miaka 50 ya udiwani.

Utani ulikoma Julai 2000. Mwanamke wa Florida aliyekuwa amejitokeza kwenye kipindi pamoja na aliyekuwa mumewe na mke mpya wa huyo mume aliuawa siku ileile mazungumzo yao yaliporushwa. Mume alipatikana na hatia ya mauaji mwaka 2002. Kipindi hakikuwajibishwa na mahakama. Kiliendelea miaka mingine 18.

Springer alikuwa na utetezi wake, nao ulikuwa wa mwanasiasa wa Democratic hasa. Alisema matajiri na watu mashuhuri hutoa siri za vyumbani mwao katika vitabu na katika mahojiano ya heshima, na huitwa jasiri. Maskini wa Kentucky au Alabama asiyejua kutumia lugha nzuri akifanya hivyohivyo, anaitwa takataka. Kelele za wasomi, alisema, ni dharau ya tabaka. Hoja hiyo ina uzito, na wengi waliomlaani waliistahili. Lakini inaruka jambo moja. Yeye alipokiri mwaka 1982 aliandika maneno yake mwenyewe, alichagua siku, na kamera ilizimwa aliposema izimwe. Mgeni wake hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na aliporudi kwao alikuta mtaa mzima umetazama.

Huko Uingereza, nchi aliyozaliwa, walimtungia opera. Ilifunguliwa kwenye jumba la National Theatre, London, mwaka 2003, wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa akizunguka Ohio akila chakula cha jioni na matawi ya chama, akipima kama agombee Seneti dhidi ya seneta George Voinovich. Waliomsikiliza walikuta mtu anayezungumzia bima ya afya na mishahara ya vibarua zaidi kuliko wanasiasa wengi waliokuwa madarakani. Agosti mwaka huo alitangaza kutogombea. Alieleza kwamba maadamu kipindi kipo, watu hawatausikia ujumbe wake. Angeweza kuacha kipindi. Mkataba wake ulikuwa wa mamilioni ya dola kwa mwaka, naye hakuwahi kuficha kwamba hilo lilihesabika. Mwaka 2005 alijaribu redio ya siasa, akatangaza kila siku asubuhi kupitia mtandao wa Air America; ilidumu hadi mwisho wa 2006.

Mwaka huo wa 2006, akiwa na miaka 62, aliingia shindano la dansi la Dancing with the Stars. Sababu aliyoitoa ni kwamba alitaka kujifunza waltz acheze na binti yake siku ya harusi. Hakuwa mchezaji mzuri na alijua. Watazamaji walimpigia kura wiki baada ya wiki hadi akafika nafasi ya tano. Nchi ikagundua kwamba inampenda mradi asiwe kwenye jukwaa lake. Akapewa America's Got Talent kwa misimu miwili. Mei 2008 wahitimu wa sheria wa Northwestern walimwalika kuhutubia mahafali yao; baadhi ya wanafunzi walipinga, na yeye akaanza hotuba kwa kukubali kwamba wana haki ya kukasirika. Kisha akawauliza, kwa unyenyekevu uliokuwa na ncha, ni wakili gani miongoni mwao ambaye hatakuja kufanya kazi kwa mtu asiyekubaliana naye.

Mwaka huo BBC ilimchukua katika kipindi chake cha kufuatilia nasaba za watu mashuhuri. Walimpeleka Poland, mpaka mji wa wazazi wake, na kumwekea mezani nyaraka za bibi zake wawili ambao wazazi wake hawakupenda kuwazungumzia. Marie Kallmann, mama wa mama yake, alisafirishwa hadi kambi ya Chełmno na kuuawa kwa gesi. Selma Springer, mama wa baba yake, alifia kambi ya Theresienstadt. Mtu aliyetazama siri za wengine zikifunguliwa mara elfu kadhaa alisimama mbele ya kamera akilia kwa siri ya kwake, na hakuna aliyeimba jina lake.

Mwaka 2009 kipindi kilihamishiwa Stamford, Connecticut, jimbo lililotoa nafuu ya kodi, na kuendelea huko kwa mazoea. Wageni walikwisha kujua namna ya kupigana na hadhira namna ya kushangilia. Intaneti ilikuwa inatoa bure kile alichokiuza. Mwaka 2016 Donald Trump alipokuwa akigombea urais, Springer, aliyemuunga mkono Hillary Clinton, alisema mgombea huyo angefaa zaidi kuwa mgeni kwenye kipindi chake. Mwishoni mwa 2017 Democrats wa Ohio walimfuata tena, safari hii kwa ajili ya ugavana, cheo kilichomponyoka miaka 35 nyuma. Alikuwa na miaka 73. Alikataa.

Kipindi kilikoma 2018 baada ya misimu 27. Mwaka uliofuata alivaa joho na kuendesha Judge Jerry, kesi ndogondogo za madeni na magari yaliyogongwa, naye akifurahi kwamba hatimaye shahada ya 1968 imepata kazi. Kesi hizo zilimalizika 2022. Katika mahojiano ya mwaka huo aliulizwa kuhusu kipindi kilichompa jina, akaomba radhi, nusu kwa mzaha, kwa kuuharibu utamaduni.

Alifariki tarehe 27 Aprili 2023 nyumbani kwake Evanston, karibu na Chicago, akiwa na miaka 79. Ilikuwa saratani ya kongosho, iliyogunduliwa miezi michache kabla. Hakuwa ameutangaza ugonjwa huo. Watazamaji walisikia habari yake siku ileile waliyosikia ya kifo.